Kategoria au lebo: pilau tuiweke wapi?

Blogger ya Google, ambako blogu nyingi za Tanzania zilianzia, ina lebo tu, yaani maneno unayobandika kwenye makala kuonyesha inahusu nini. WordPress, programu nyingine ya kuendeshea blogu, ina lebo na kategoria, yaani mafungu ya kupangia makala, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Nayo ilipozaliwa mwaka 2003 ilikuwa na kategoria peke yake. Lebo ziliingia rasmi kwenye toleo la 2.3, Septemba 2007, wakati Flickr (mtandao wa picha) na Delicious (wa kuhifadhi anwani za kurasa) zilishawazoesha watu kubandika maneno kila mahali.

Kategoria hupangwa kwa ngazi: Mapishi, chini yake Wali, Mboga, Vitafunio. Kila makala lazima iwe nayo walau moja. Ukisahau, programu inaitupia kwenye kategoria ya akiba. Lebo hazina mzazi wala mtoto, na hakuna anayekulazimisha kuziweka.

Mgeni akifungua blogu na kukuta kategoria tano kwenye menyu, anajua papo hapo yuko wapi. Tabu inakuja na pilau ya kuku. Ni wali, ni chakula cha Idi, ni cha viungo, na huyu mwandishi ameipika kwa mkaa. Kila sifa ukiipa kategoria yake, menyu itajaa mpaka kwenye simu isomeke kwa kuburuza. Lebo za “kuku”, “Idi” na “mkaa” zinamaliza kazi.

Ila lebo hubandikwa mwishoni, mtu keshachoka. Leo anaandika “kitafunio”, wiki ijayo “vitafunio”, na kwa programu hizo ni lebo mbili tofauti. Kiswahili kinazidisha tatizo: wingi hubadilika mwanzoni mwa neno, kwa hiyo kwenye orodha ya alfabeti moja iko K na nyingine V, wala huoni kwamba umejirudia. Na kila lebo huzaa ukurasa wake. Lebo mia tatu zenye makala moja moja ni kurasa mia tatu zisizomsaidia yeyote, hata mitambo ya utafutaji.

Mimi naegemea kategoria: chache, tena zipangwe kabla ya makala ya kwanza. Lebo isubiri hadi uone makala ya tatu ya jambo hilo inakuja. Aliyekwisha kuchanganya mambo, WordPress ina kigeuzi cha kuhamisha kategoria kuwa lebo na kinyume chake. Wa Blogger achague lebo tano, azipandishe kwenye menyu, azitumie kama kategoria.