Mtandaoni sote ni wakuu

Kati ya maneno yote yaliyonogeshwa na mtandao hapa Dar, ninalolipenda zaidi ni "mkuu." Ingia JamiiForums, jukwaa la mijadala lililoanzishwa mwaka 2006, utakuta kila mtu ni mkuu. Anayeuliza bei ya mashine ya kufyatulia matofali ni mkuu, anayemjibu ni mkuu, na yule wa tatu aliyekuja kuwatukana wote wawili naye huitwa mkuu kabla ya kurudishiwa tusi lake. Shikamoo haipo. Toka hapo upande daladala la Mbagala, mambo yanarudi palepale: mdogo anaamkia, mkubwa anaitikia marahaba, na mwenye suti hakatizwi akiongea.

Wanaosema akaunti za mtandaoni zimeleta usawa wana hoja, na mimi nawaunga mkono kwa zaidi ya nusu. Facebook ilipoanza mwaka 2004 ilikuwa ya watu wa Harvard peke yao. Bila barua pepe ya chuo kile, huingii. Leo kijana wa Tandale mwenye simu iliyopasuka kioo anajaza visanduku vilevile anavyojaza waziri: jina, namba ya simu, paswedi. Akitumia jina la bandia, ndiyo kabisa, kinachobaki kupimwa ni hoja yake tu. Niliwahi kumwona mhadhiri akisahihishwa hesabu za kodi na mtu aliyejiita kwa jina la samaki. Mhadhiri alibisha, akataja shahada zake zote, mwishowe akaandika, "Uko sahihi, mkuu." Kwenye ukumbi wa chuo, bwana samaki asingepewa hata kipaza sauti.

Ndiyo maana kesi ya Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, ilitugusa hata sisi tusioandika siasa. Alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa sababu hakuwapa polisi taarifa za watumiaji walizozitaka. Bwana samaki ana nguvu muda wote ambao hakuna anayejua anaishi wapi.

Lakini muulize dada yeyote anayeandika kwa jina lake halisi. Akitoa maoni kuhusu bei ya mafuta, nusu ya majibu yanahusu nguo zake, na wengi wa wanaomjibu hivyo hawana sura wala jina. Kificho kinachomlinda mnyonge kinamlinda na huyo. Hapa sina jibu la mkato. Najua tu kwamba wanaotaka kila akaunti ifunguliwe kwa kitambulisho wanafikiria zaidi kulinda wakubwa kuliko kumlinda huyo dada.

Halafu kuna tiki ya bluu, ile alama ya akaunti iliyothibitishwa. Zamani Twitter iliwapa watu mashuhuri bure. Elon Musk aliponunua kampuni ile Oktoba 2022 alisema huo ni mfumo wa mabwana na watwana, akaiweka sokoni kwa dola 8 kwa mwezi, wakati ule zaidi ya shilingi 18,000. Kwa maneno, ni usawa: kila mwenye hela ananunua. Ila hela hiyo kwa wengine ni bando la mwezi mzima. Mtwana akabaki mtwana, sasa akiwa na bei mkononi.

Hata hivyo, tiki na wafuasi ni mambo ya juu juu. Panaponiuma mimi ni chini kabisa, kwenye laini.

Akaunti zetu nyingi zimesimama juu ya namba ya simu, na namba ya simu imesimama juu ya kidole gumba. Usajili wa laini kwa alama za vidole, pamoja na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ulifikia ukomo wake Januari 20, 2020, na siku zile nilikuwa kwenye foleni kwa wakala mmoja. Mbele yangu alisimama mama anayeuza samaki soko la Feri. Wateja wake ni wa Masaki na Oysterbay, mitaa ya wenye nazo. Alfajiri anapiga picha changu na kolekole, anaweka kwenye stetasi ya WhatsApp, saa mbili bodaboda wanabeba. Aliweka dole gumba, mashine ikakataa. Akafuta kwa kanga, ikakataa. Wakala akamwomba kidole kingine, na kingine. Miaka ya magamba, chumvi na barafu ilikuwa imezilamba alama zote.

"Mama, vidole havisomi."

"Mwanangu, ndivyo hivi hivi ninavyofanyia kazi."

Laini ikasajiliwa kwa kidole cha mwanawe. Miaka miwili baadaye simu iliporwa Kariakoo. Kuirudisha namba kulitaka kidole cha mwenye laini, na mwenye laini wakati huo alikuwa kibaruani Mwanza. Bila namba, zile tarakimu sita za kufungulia WhatsApp kwenye simu nyingine hazina pa kuingilia. Akaunti ilikuwa na picha yake, jina lake na wateja wake wa miaka, yeye akiwa nje ya mlango. Kijana aliporudi ilikuwa wiki ya tatu, na wateja wa Masaki walishapata samaki kwa mwingine.

Siku hizi kawaandika wateja wake wote kwenye daftari la kaunta, namba kwa namba, kwa kalamu ya wino.