Bando la elfu kumi halijawahi kuwasha ruta

Tangazo lile limerudi tena kwenye magrupu. Kila nchi ikipata msukosuko linazuka, limebadilishwa nembo tu: wafanyakazi wote mtakaofanyia kazi nyumbani mhakikishe mna umeme na intaneti ya uhakika muda wote wa kazi, kutopatikana mtandaoni kutahesabiwa utoro. Chini yake muhuri, sahihi, na ahadi ya bando la shilingi 10,000.

Umeme wa uhakika muda wote! TANESCO wenyewe hawathubutu kuahidi hivyo. Mhasibu wa Mbagala ndiye anaambiwa ahakikishe, kana kwamba lile bwawa la Nyerere, megawati 2,115, liko uani kwake na funguo za mitambo kazitundika jikoni.

Mwaka 2024 hatujausahau. Aprili 1 gridi ya taifa ikapata hitilafu, giza. Mei 4 Kimbunga Hidaya kikapiga hodi pwani. Mei 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikakatika, intaneti ikawa ya kudonoadonoa Afrika Mashariki nzima. Yote ndani ya wiki sita. Ndiyo maana nasema mfanyakazi aliye nyumbani wakati wa dharura ni tawi la ofisi, na tawi hununuliwa betri. Dizeli ya jenereta ya ofisi inalipwa bila mtu kuuliza. Mtu yule yule akihamia sebuleni kwake na kazi ile ile, umeme wake ghafla ni mambo yake binafsi. Mantiki hiyo imetoka wapi?

Tupige hesabu, maana mabosi wengi wanadhani tunaomba jenereta. Geuza adapta ya ruta usome kibandiko: mara nyingi ni volti 12, ampea 1. Hiyo ni wati 12 kwa kiwango cha juu, lakini kazini ruta hula kama 7 au 8. Kwenye faiba kuna na kile kiboksi cha ukutani kinachopokea waya, nacho kina adapta yake (hiki husahaulika kila siku, watu wananunua betri ya ruta, umeme ukikatika ruta inawaka taa zote na intaneti hakuna). Weka wati 15 kwa vyote viwili. Laptopu ya kazi za kawaida, barua pepe na majedwali, weka 25. Jumla wati 40. Kwa saa 8 za kazi ni wati-saa 320, na ukiongeza kinachopotea njiani unafika kama 375. Pasi ya umeme inakula zaidi ya hiyo kwa nusu saa. Ndicho kitu ambacho kampuni nzima imeshindwa kukiweka kwenye bajeti.

Betri ya lithiamu aina ya fosfeti, volti 12 ampea-saa 50, ina takriban wati-saa 640. Ukiitumia kwa asilimia 80 tu isichoke mapema, unabaki na 512. Siku nzima ya kazi imeisha na taa imewaka. Ukikosa lithiamu, betri ya sola ya ampea-saa 100 inafanya kazi ile ile, ila ni nzito na haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Betri ya gari usikubali hata ukipewa bure. Imetengenezwa kusukuma starta kwa sekunde chache. Ukiinyonya kutwa nzima, baada ya miezi michache inabaki sanduku la kuegemeza mlango.

Halafu kuna wale wauzaji wa UPS ndogo za ruta, vile viboksi vya betri ya akiba. Boksi limeandikwa mAh (miliampea-saa) 10,400, "masaa 8". Hizo mAh zimepimwa kwenye volti 3.7 za seli za ndani, si kwenye volti 12 zinazotoka. Zidisha: wati-saa 38 na ushee, toa zinazopotea, unabaki na kama 33. Kwa ruta na kiboksi chake ni saa 2 na kidogo. Hayo masaa 8 yapo kweli, kwa kifaa kinachokula wati 4. Si kwamba havifai. Kwa mtu ambaye umeme wake hukatika saa moja na kurudi, kimoja kinatosha kabisa, mradi uangalie ruta yake ni ya volti 12 au 9 kabla hujachomeka. Kosa ni kununua vijidude 60 kwa mkupuo, kuvigawa, kupiga picha ya makabidhiano, kisha kushangaa saa 5 asubuhi watu wamepotea kwenye kikao.

Panapovuja zaidi ni kwenye chaja. Wakati wa mgao umeme unaweza kurudi kwa muda wa saa 4 tu. Chaja ya ampea 3 ndani ya saa hizo inarudisha wati-saa 150 hivi, chini ya nusu ya matumizi ya siku. Siku ya kwanza mtu yuko vizuri, ya pili anachechemea, ya tatu betri tupu, na ofisini wanasema "betri mliyopewa mmeiharibu". Chaja ya ampea 10 ingerudisha kama 510. Tofauti yote iko kwenye kile kichaja kidogo ambacho afisa ununuzi alikichagua kwa sababu kilikuwa rahisi.

Na inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, kama si lazima, achana nayo. Zile za bei ya chee hutoa umeme usio laini, adapta zinanguruma na kupata moto, na bado unapoteza kugeuza 12 kuwa 230 halafu adapta ikageuza tena kushuka. Laptopu inayochajiwa kwa USB-C inakubali chaja ya gari ya wati 65 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ruta usiichomeke hivyo hivyo: betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupanda hadi 14 na zaidi, na si kila ruta inavumilia. Weka kidhibiti volti katikati, na fyuzi karibu na betri.

Haya, intaneti. Kumpa mtu laini mbili za mitandao tofauti kunasaidia mnara wa mtaa ukiishiwa betri, na huishiwa. Lakini Mei 12 ilitufundisha kwamba mitandao miwili yenye rangi tofauti inaweza kuwa inapita kwenye mkongo mmoja huko baharini. Mwulize mtoa huduma wako wa biashara, kwa maandishi, trafiki yake inatokea wapi mkongo wa kwanza ukikatika. Akianza kukueleza kasi ya Mbps, hajakujibu. Na kama mnatumia VPN, ile njia ya faragha ya mtandaoni, kufikia mifumo ya ofisi, mkumbuke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitaka zisajiliwe tangu Oktoba 2023.

Kuna dharura ambayo betri haigusi. Oktoba 29, 2025 na siku zilizofuata intaneti ilizimwa, na Dar kulikuwa na amri ya kutotoka nje usiku. Hapo kinachosaidia ni vitu vya kizamani: namba za simu za watu wote kwenye karatasi nyumbani kwa kila msimamizi, mafaili ya wiki yamehifadhiwa ndani ya laptopu badala ya kuelea mtandaoni, na maandishi yanayosema nani anaruhusiwa kuamua nini na hadi kiasi gani bila kumpata mkurugenzi. Uniti za LUKU zinunuliwe mapema, kwa fedha ya kampuni, kwa sababu ukikosa mtandao huwezi kuzinunua kwa simu. Mei 2021 mfumo wenyewe wa LUKU uligoma na watu wakapanga foleni kununua umeme, kwa hiyo hata intaneti ikiwepo usiwe na uhakika. Na kile kidude cha benki cha kuidhinisha malipo kitoke kwenye droo ya ofisi. Mishahara imekwama kwa sababu ya droo iliyofungwa, si kwa sababu ya vimbunga.

Programu za kupiga picha skrini za watu kila dakika 10? Hizo nazo zinakula bando. Lile la elfu kumi.

Nakubali, shingo upande, kwamba wapo wanaosema "umeme umekatika" huku nyuma yao unasikia konda anaita Kariakoo. Wapo. Lakini kampuni ambayo haijatoa kifaa haina njia ya kumtenganisha huyo na yule aliyekaa gizani kweli. Ukishampa betri, kisingizio kimekwisha, na hapo tangazo lako la utoro litakuwa na meno.

Jambo moja la kisheria kabla sijasahau. Umeme ukirudi saa 4 usiku na bosi akataka ripoti kabla ya alfajiri, hiyo ni kazi ya usiku: sheria ya ajira inahesabu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inataka ilipwe kwa nyongeza ya asilimia 5. Zikipita saa 45 za wiki, malipo ya saa za ziada ni mara moja na nusu. Mgao haujafuta sheria.

Mkitaka kujua mko wapi, chagueni Jumanne moja ya kawaida, zimeni swichi kuu kwa watu watano nyumbani na pale ofisini pia, kuanzia saa 2 asubuhi. Andikeni nani kapotea saa ngapi na kwa nini. Angalieni hasa ile seva iliyo chini ya meza ya mhasibu, ambayo wote watano wanaitegemea, imechomekwa kwenye UPS ambayo betri yake haijabadilishwa tangu inunuliwe.