Desa halimjui Daktari Stockmann

Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, kwa hiyo ikifika Machi mashine za fotokopi kwenye stesheneri zilizo jirani na shule za bweni hazipoi. Wanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hawatoi kopi ya vitabu. Wanatoa kopi ya madesa, yaani notsi za muhtasari zilizotayarishwa na wengine, ya karatasi ya pili ya Kiingereza, ile ya fasihi, na ukishasoma matatu umeyasoma yote. Kila kitabu kina dhamira zilezile: rushwa, usaliti, migogoro, nafasi ya mwanamke, uongozi mbaya, matabaka, ukombozi. Chini ya kila dhamira kuna mistari minne na nukuu yenye namba ya ukurasa. Badilisha majina ya wahusika tu, desa la tamthilia ya Kinorwe linageuka kuwa la riwaya ya Kighana na hakuna atakayeshtuka.

Mimi nasema anayejiandaa kwa desa peke yake hajajiandaa, hata akilala nalo chini ya mto.

Mtihani wenyewe si wa mchezo. Kijana anayetoka kidato cha sita huingia chuo kikuu kwa matokeo ya Necta, Baraza la Mitihani la Tanzania, na kwa kozi nyingi za sanaa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inataka awe amefaulu angalau masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Anayetaka kwenda kusoma fasihi au ualimu wa Kiingereza, ile L kwenye tahasusi yake, yaani Kiingereza, ndiyo itakayombeba au kumwangusha.

Siwalaumu watoto. Nakala moja ya kitabu husomwa na nusu ya darasa kwa zamu, na zamu yako ikifika kurasa za katikati zimeshachomoka. Mwalimu ana vipindi vingi na silabasi ya kumaliza, hivyo anaamua kuwasomea notsi waandike. Desa limezaliwa hapo, kwenye uhaba, na mwanzoni lilikuwa msaada wa kweli. Tatizo lilianza lilipoacha kuwa msaada wa kukumbuka kitabu likawa ndicho kitabu chenyewe.

Chukua An Enemy of the People ya Ibsen, ambayo imekaa miaka mingi kwenye orodha ya vitabu vya kidato cha tano na sita. Desa litakwambia Daktari Stockmann ni mwanamapinduzi na mtetezi wa wanyonge, kisha litakupa nukuu. Sasa fungua tendo la nne usome mwenyewe. Daktari amegundua kwamba maji ya bafu za tiba zinazouletea mji wao wageni na fedha yana sumu. Gazeti la mjini limemkatalia, basi ameitisha mkutano nyumbani kwa nahodha mmoja ili awasomee wananchi ripoti yake. Kabla hajafungua mdomo, watu wanadai mwenyekiti achaguliwe. Anachaguliwa Aslaksen, mpiga chapa, kiongozi wa chama cha wenye nyumba. Kisha meya, ambaye ni kaka wa daktari, anatoa hoja kwamba daktari asiruhusiwe kusoma ripoti yake. Hakuna askari aliyeitwa, hakuna bunduki. Mtu ananyamazishwa kwa utaratibu wa kikao, kwa heshima zote, hoja ikiungwa mkono. Aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji, au hata kikao cha harusi, anajua jinsi mwenyekiti anavyoweza kuizika hoja huku akitabasamu. Hicho ndicho kitu cha kuandika ukiulizwa kuhusu matumizi mabaya ya madaraka, na kwenye desa hakimo.

Endelea kidogo. Daktari akishazuiwa kuzungumzia maji, anawageukia wananchi wenyewe. Anawaambia walio wengi hawana haki kamwe, anawalinganisha watu wa kawaida na mbwa koko. Mtetezi gani wa wanyonge huyu anayewaita wanyonge mbwa? Mwishoni kura inapigwa kumtangaza adui wa watu, na ukumbi mzima unaunga mkono isipokuwa mlevi mmoja. Ibsen hakumweka mlevi pale kwa bahati mbaya. Mwanafunzi akiandika aya moja tu kuhusu mlevi huyo, msahihishaji aliyechoka kusoma "usaliti ni hali ya mtu kwenda kinyume na..." kwa mara ya mia atanyanyua kichwa.

Na huo usaliti wenyewe. Desa linasema wenye gazeti walimsaliti daktari, nukta. Rudi tendo la tatu uone kilichowageuza: meya anawaeleza kwamba matengenezo yatagharimu fedha nyingi, gharama zitawaangukia walipa kodi wa mji, na bafu zitafungwa kwa miaka miwili. Aslaksen ni mlipa kodi. Ukiliona hilo, dhamira tatu za desa, yaani rushwa, usaliti na matabaka, zinageuka kuwa mnyororo mmoja wenye sababu na matokeo, na jibu lako linaanza kuwa hoja badala ya orodha.

Zoezi ninalolipenda ni kumkutanisha Stockmann na yule mhusika asiye na jina katika The Beautyful Ones Are Not Yet Born ya Ayi Kwei Armah, riwaya ya mwaka 1968. Mtihani unawatenganisha, tamthilia sehemu yake na riwaya sehemu yake, lakini ukisoma nyumbani hakuna wa kukukataza. Wote wawili ni waadilifu waliobaki peke yao. Mmoja anapiga kelele mpaka madirisha yake yanavunjwa kwa mawe. Mwingine, karani wa reli, anakataa hongo ya mfanyabiashara wa mbao kimyakimya na kurudi nyumbani, ambako mkewe Oyo anamfananisha na chichidodo, ndege anayechukia kinyesi huku chakula chake ni funza wa humohumo. Mke wa Stockmann mwishowe anasimama na mumewe. Oyo anauliza uadilifu huo unaleta nini mezani. Ukilitafakari hilo kwa jioni moja, swali lolote la nafasi ya mwanamke utalijibu bila kukariri.

Kinachonishangaza zaidi ni wanafunzi wa HKL. Mpe shairi la Kiswahili, atakuonyesha taswira, kejeli, toni na ujumbe uliofichwa, na atabishana na mwenzake mpaka kengele ya chakula ilie. Dakika ishirini baadaye, mbele ya shairi la Kiingereza, mtu huyohuyo anaandika kwamba shairi lina beti nne na mshairi ametumia lugha nyepesi. Akili haijabadilika. Amefundishwa tu kwamba Kiingereza ni chumba unachoingia ukiwa umevua viatu na mawazo. Ndiyo maana kwenye kikundi cha wanafunzi ninachokifundisha tunajadili kwanza kwa Kiswahili, kwa kelele, kisha kila mmoja anaandika aya yake kwa Kiingereza. Najua kuna shule ukifanya hivyo unavishwa kibao shingoni kwa kuongea Kiswahili. Waendelee navyo. Sentensi fupi ya Kiingereza yenye wazo inapata alama. Ndefu iliyokaririwa bila wazo inamchosha msomaji tu.

Pasti pepa zina faida, lakini kuna kitu bora zaidi ambacho wanafunzi wengi hawakigusi. Necta hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, walimu huziita CIRA, na zinapatikana bure kwenye tovuti yao. Zinapitia swali kwa swali: lilitaka nini, waliofanya vizuri walifanyaje, walioshindwa walikwama wapi, pamoja na sampuli za majibu yaliyoandikwa kwa mkono. Soma majibu mabaya kwa makini kuliko mazuri. Mara nyingi utakuta mtu anajua mambo mengi, ila amejibu swali alilolitamani badala ya lile aliloulizwa.

Kuhusu saa tatu za mtihani sina mengi. Tumia dakika za mwanzo kupanga, usianze na insha unayoipenda ukasahau nyingine.

Mwalimu mwenzangu mmoja hunibishia kila tukionana: wanaokariri nao hufaulu, wengine kwa B. Ni kweli. Swali likija moja kwa moja, "jadili dhamira ya rushwa", desa linalipa. Lakini likija limepinda kidogo, kwa mfano likimtaka mtahiniwa aeleze kama mhusika mkuu amejiletea matatizo yake mwenyewe, nimeona vijana wakimwaga dhamira zao saba palepale, na nukuu zake, kana kwamba swali lilikuwa mapambo. Tena hata huyo wa B akifika chuo atakabidhiwa kitabu ambacho hakuna aliyekitengenezea desa.

Kwa hiyo kwetu desa halijapigwa marufuku. Unaruhusiwa kulishika ukishamaliza kitabu, na unalishika pamoja na kalamu nyekundu, kazi yako ikiwa kulisahihisha. Binti mmoja ameshalichakaza la Ibsen mpaka karatasi imetoboka. Alikuta limeandika kwamba Petra ni mke wa daktari. Petra ni binti yake, mwalimu wa shule, na ndiye anayefukuzwa kazi kwa sababu ya msimamo wa baba. Desa hilo bado linauzwa pale stesheneri, na mwaka huu limewekewa jalada la rangi.