Msisingizie bahari, fungeni mlango

Kila msimu wa kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu kuelekea duara la shabaha, huibuka watu walewale na hoja ileile: mashindano ya taifa ya Kanada ya wasichana vijana yapelekwe miji mikubwa, kwa sababu eti vimji vya pwani vina unyevu na barafu yao ni ya kubahatisha. Inaudhi, maana wasemaji hawajiulizi unyevu wenyewe unatoka wapi.

Chukueni Liverpool, ile ya Nova Scotia, Kanada, si ile ya soka ya Uingereza. Januari 2014 kimji hicho kilichopo mdomoni mwa mto Mersey kiliandaa mashindano ya vijana ya Kanada katika ukumbi wa Queens Place Emera Centre. Kelsey Rocque na wenzake wa Alberta wakatwaa ubingwa wa wasichana, kisha wakaenda Flims, Uswisi, wakabeba na wa dunia. Barafu mbovu kweli hiyo!

Adui hasa ni sakitu, yaani mvuke wa hewani ulioganda. Uso wa barafu hushikiliwa karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri. Hewa ikiwa na mvuke mwingi, mvuke huo huganda papo hapo juu ya barafu. Na hauji kutoka baharini peke yake: unatoka vinywani mwa watazamaji, kwenye makoti yaliyolowa theluji, na zaidi kwenye mlango wa mizigo ulioachwa wazi na watu wa kamera. Ukumbi wa watu elfu kumi una vinywa vingapi? Dawa ni mashine za kukausha hewa zenye nguvu ya kutosha na mtu mkali mlangoni. Sakitu ikishatanda, jiwe linasita na kufia kabla ya nyumba, yaani lile duara la shabaha. Katikati brashi za wachezaji na mawe huifuta, pembeni inabaki, kwa hiyo nguvu ileile inatoa matokeo mawili. Halafu mtangazaji anasema binti kapoteza umakini!

Maji nayo. Ya bomba yana madini, na punje zake, vile vinundu vidogo vya barafu ambavyo jiwe huteleza juu yake, hulegea mapema, hivyo huchujwa kwanza. Fundi hubeba tangi mgongoni, hurudi kinyumenyume akiyumbisha mkono kulia na kushoto, akinyunyiza maji ya moto ili matone yashike vizuri kabla ya kuganda. Akisita hatua moja, punje zinarundikana, na jiwe litapinda pale ambapo hakuna aliyetarajia. Kisha hupitisha kisu kipana kusawazisha vichwa vya punje. Mawe yenyewe, karibu kilo 19 kila moja, lazima yalale barafuni mapema yapoe; jiwe vuguvugu huyeyusha punje na kuacha shimo. Kama kiwanja ni cha hoki, kazi ya kwanza ni kumwaga maji na kukwangua, tena na tena, hadi mabonde yaishe.

Hakuna hata kimoja hapo kinachouliza idadi ya wakazi. Na mji kama Liverpool, ambao kiwanda chake cha karatasi kilifungwa 2012, unajua thamani ya wiki moja ya wageni kuliko jiji litakalosahau kesho yake.

Haya, vitanda ni vichache, na wazazi wengine watalala mbali na kuendesha gari kwenye utelezi. Nakubali, shingo upande. Hilo ni suala la hoteli. Msilibandike kwenye barafu.