Ganda la korosho: likamuliwe au lichomwe?

Tani moja ya korosho ghafi ikibanguliwa huacha takribani kilo 700 za maganda. Wanaosema yachomwe wana hoja nzito. Kiwanda kinahitaji mvuke wa kulainisha korosho kabla ya kubangua, maganda yapo papo hapo bila nauli, na kila gunia linaloingia tanuruni linaokoa kuni. Tena yanawaka kwa kasi.

Kasi hiyo inatoka kwenye mafuta. Ukilikata ganda utakuta ngozi ya nje, ukuta mgumu wa ndani, na katikati tabaka lenye vijitundu kama sega la nyuki, vimejaa mafuta mazito ya kahawia. Hayo ni kama robo hadi theluthi ya uzito wa ganda. Kinachobaki zaidi ni selulosi, hemiselulosi na lignini, yaani vitu vile vile vinavyounda mti. Sehemu kubwa ya mafuta ghafi ni asidi ya anakadi, ambayo ikipata joto kali hutoa kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Kadanoli ni malighafi ya gundi za viwandani, rangi za kuzuia kutu na vitambaa vya breki za magari. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayobabua vidole vya akina mama wabanguaji (mkorosho na mwembe ni jamii moja, na utomvu wa embe tunaujua). Ukiyachoma ndani ya ganda, moshi wake huwasha macho na masizi yake hunata kwenye dohani.

Hata hivyo, kukamua si kazi ya kila mtu. Mashine ni ghali, na mnunuzi anataka shehena kubwa yenye ubora usiobadilika. Kikundi kidogo cha wabanguaji Newala hakiwezi kufikisha wingi huo peke yake. Wanaokaanga korosho kwenye pipa nao hupoteza sehemu ya mafuta kabla hata ya kubangua. Mvuke huyaacha mengi gandani.

Naegemea kukamua kwanza, kisha kuchoma mashudu, ambayo bado yana joto la kutosha boila na moshi wake ni nafuu. Kwa vikundi vidogo, maganda yauzwe kwa kiwanda chenye kinu cha kukamulia.

Ila ubishi huu unahusu maganda machache tu. Korosho nyingi ya Tanzania husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na huko maganda hukamuliwa. Mnadani Mtwara ubora hupimwa kwa unyevu na kwa wingi wa korosho karanga (kiini kilichobanguliwa) itakayotoka. Mafuta ya ganda mkulima halipwi.