Tone la damu kisiginoni

Mwanangu alichomwa kisigino akiwa na siku tano. Mkunga alikuja nyumbani, hapa Leicester, Uingereza, akadondosha damu kwenye kadi yenye viduara vinne, akaaga. Wiki chache baadaye tukaambiwa lile tulilokuwa tukiliogopa tangu vipimo vya ujauzito: ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Hata kabla hajafika miezi mitatu, alikuwa ameshaanzishiwa penisilini ya kumkinga na vijidudu, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu.

Binti wa dadangu kule Malindi alijulikana kuwa nao akiwa na miaka mitatu. Kabla ya hapo alishatibiwa malaria mara ambazo dada ameacha kuzihesabu, nyingine bila hata kupimwa. Alipokuwa na miezi minane viganja na nyayo zilimvimba, analia usiku kucha. Jirani mmoja akasema ni baridi imemwingia. Mwingine akasema kijicho. Akakandwa kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, naye akazidi kulia. Kumbe uvimbe ule mara nyingi ndio ishara ya kwanza kabisa: seli nyekundu zimejikunja kama mundu, zimeziba vijishipa, na mfupa umekosa damu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nyinyi huko mna dawa", huwa namuuliza, dawa ipi? Penisilini ni ya tangu enzi za mababu. Haidroksiyurea, inayouamsha mwili urudie kutengeneza himoglobini ile ambayo mtu huwa nayo akiwa tumboni mwa mama ili maumivu yapungue, ipo hata Kenya, ingawa si kila duka la dawa na si kila mfuko. Tiba ya kuhariri jeni iliidhinishwa Uingereza mwishoni mwa 2023, lakini hata huku si wengi watakaoionja. Lililotutenga mimi na dada ni siku tano kwa miaka mitatu, basi. Katika miaka hiyo mtoto asiyejulikana anaweza kuondoka na homa ya siku moja, kwa sababu wengu wake haumlindi tena na vijidudu.

Na ugonjwa wenyewe ni wa kwetu hasa. Aliyerithi jeni moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imeshamiri Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Watafiti walioko Kilifi, hapo pua na mdomo na Malindi, wamelichunguza jambo hili miaka na miaka. Lakini mpwa wangu alizaliwa akatoka wodini na kisigino chake kizima.

Kuna la kwetu wenyewe pia. Tunasema binamu nyama ya hamu, tunaozana ndani ya ukoo, halafu watoto wakiugua lawama zote kwa mama: kizazi chake hakikai. Baba haulizwi. Mtoto hapati selimundu mpaka apokee jeni kwa wote wawili, na wazazi wote wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana jeni moja tu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Sisemi watu wasioane. Nasema wapimwe kabla ya posa kupokewa, waamue wakijua.

Msidhani huku ni peponi. Baridi yenyewe ni adui. Januari akisahau glavu tu, jioni tunaweza kuwa hospitali. Usiku mmoja tulikaa saa nyingi kwenye viti vya plastiki, mtoto anajikunja kwa maumivu, na muuguzi ananiangalia kana kwamba nimekuja kutafuta morfini, dawa kali ya maumivu, niitumie mwenyewe. Nilikuwa peke yangu, mume yuko zamu ya usiku. Mpwa wangu akilazwa Malindi, khalati huja na chupa ya uji, ami analeta dafu, na dada hupata wa kumshikia mtoto angalau akaswali.

Agosti tunakwenda, inshallah. Nimeshafungasha penisilini, kipimajoto na dawa ya kuzuia malaria, maana kinga ile ni ya mbebaji, si ya mgonjwa. Mgonjwa malaria humuangusha vibaya. Mamangu ameshapiga simu kuuliza kama mjukuu anaruhusiwa kuoga baharini. Nimemwambia anaruhusiwa, ila kusi inavuma, kwa hiyo akitoka majini afutwe na avishwe shati kavu kwanza. Mabuyu baadaye.