Kituo cha wapagazi Uvinza: kijengwe, lakini kwa ajili ya nani?

Njia ya kati ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Tangu 2006 Tanzania imeiweka kwenye orodha ya maeneo inayopendekeza yawe Urithi wa Dunia. Lakini huku magharibi vituo vyake viwili maarufu, tembe la Kwihara karibu na Tabora na mnara wa Ujiji, vinajulikana kwa jina la mgeni mmoja, Livingstone. Ndiyo maana naunga mkono wazo la kujenga kituo cha mapumziko kwa wanaotaka kuitembea njia hii kwa miguu: paa, maji, mahali pa kukaa, kwa kumbukumbu ya wapagazi.

Wanaopinga kwa sababu ya fedha wana hoja. Reli ilifika Kigoma 1914, na watembea kwa miguu wa masafa marefu watakuwa wachache. Hilo lina jibu: kisima kiwe cha kijiji kwanza, msafiri achote akipita.

Hoja inayoniumiza kichwa ni nyingine. Njia ilikuwa moja, lakini walioipita hawakuwa na hali moja. Mpagazi wa Kinyamwezi aliondoka kwao kiangazi, akiwa amepatana ujira wa nguo au shanga. Akabeba frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, nyuma ya kirangozi, kiongozi wa msafara, na mvua zikikaribia alitaka awe amerudi shambani. Ilikuwa kazi ngumu, na wengi walijivunia kuifanya. Katika vumbi hilohilo walipita watu waliofungwa minyororo, wengine wakibebeshwa pembe za ndovu. Kwao kupumzika kulikuwa amri ya mwenye kuwamiliki. Ukiweka benchi na bango la "karibu upumzike" kwa ajili yao wote, umewatukana hawa wa pili, na umesahaulisha kwamba wale wa kwanza walikuwa wafanyakazi wenye heshima yao.

Kwa hiyo nisingewachanganya. Kituo cha wapagazi kiwe Uvinza, mkoani Kigoma. Chumvi imechemshwa pale kwa zaidi ya miaka 1,000, misafara iliinunua, na hapo kwenye mto Malagarasi hata mvumbuzi Stanley alilipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa Wavinza ndipo avuke. Ni mahali ambapo wenyeji walikuwa wenye mali na wenye kivuko, si watazamaji. Kumbukumbu ya watumwa ibaki Ujiji, isiyo na benchi wala kibanda cha soda.

Maandishi ya Uvinza yaanze kwa Kiswahili, Kiha na Kinyamwezi, lugha za wageni zifuate chini. Na ufunguo wa kisima ukae kwa kamati ya maji ya kijiji, kwa sababu mradi wa kumbukumbu ukiisha fedha, wao ndio watakaokuwa bado wanachota hapo kila asubuhi.